Ndai Moja: Jam ya Kangemi na Vumbi ya Magadi

Uliza msee yeyote wa Kanairo anataka krosova ya kufanya nini, atakubongea Chalbi, Ololokwe, Loita, asubuhi ya Nanyuki na hema imefungwa kwa karea. Anabonga macho ikiwaka. Sasa muulize Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi yeye hukuwanga wapi. Kangemi. Amekwama nyuma ya nganya, mguu kwa breki, AC imezimwa ndio mafuta isiishe, nduthi zinapita zikimkwaruza kioo.

Wasee wakiniuliza wachague ndai gani, mimi huanzia hapo Kangemi. Hiyo mashine itaishi kwa jam. Vumbi itaionja tu, wikendi moja moja, mvua ikikubali na boss asipige simu. Na ukibonga na mafundi wa ukweli, wachana na wale wa kukisia, watakushow ndai mob za rika hii hazikufi juu ya mawe. Zinamalizwa na joto, kutambaa, na oili yenye haijawahi badilishwa. Ndio maana mtu akianza kuniuliza AWD kabla ya giaboksi, najua bado hajafika siku ya kutoa doo.

Tuelewane kwanza "mpya" ni nini hapa kwetu. Ile ya kutolewa plastiki kwa kiti ni ya makampuni na wakubwa wa serikali, tuwaachie. Mpya yetu inapanda meli Japan, inashukia Mombasa, na sheria inasema isikuwe imepitisha miaka nane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kila Januari KEBS inasongesha mstari: 2025 zilikuwa ndai za 2018 kuja juu, 2026 ni za 2019. Hii mambo ni kubwa kuliko venye watu hufikiria. Forester ya SK ilitoka Japan 2018. RAV4 ile ya sura ya hasira iliingia soko ya kwao April 2019, na ikachukua taji ya gari bora ya mwaka huko Japan. Kwa hivyo ukinunua leo, si lazima uokote mabaki ya kizazi kilichopita. Unaeza pata ile yenye imepikwa juzi, kama mfuko inakubali.

Mfuko ndio ngori. KRA inaanza na ushuru wa forodha wa asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kama injini haijapita cc 1500, 25 ikipita hapo. Halafu VAT ya asilimia 16 inakalia hiyo yote, na tu-ada tungine tunajipachika. Hesabu yenyewe inaanzia bei yenye KRA imeandika kwa list yake, hata kama wewe ulibahatika na oksheni ya bei ya kutupa. Kwa hivyo mtu akikushow "nimeicheki Japan kwa doo kidogo sana," mwambie apige hesabu mpaka Mombasa ndio arudi tubonge.

Ule mstari wa cc 1500 ndio sababu moja Vezel imejaa kila parking ya Ruaka. Na hapa kwa Vezel ndio nitapoteza mabeshte.

Vezel ya haibridi ya kizazi cha kwanza, ile ilitengenezwa kutoka 2013 mpaka 2021, inatumia giaboksi ya klachi mbili, gia saba, na hizo klachi ni kavu, haziogi kwa oili. Miaka ya mwanzo, huko Japan, Honda wenyewe waliziita zirudi mara kadhaa kurekebisha huo mfumo. Za mwisho mwisho zimetulia, nakubali. Lakini klachi kavu inachukia kitu moja, nayo ni kutambaa kwa mlima. Chukua ile ya kupanda Kabete na jam, songa mita mbili, simama, songa mita tatu. Joto inapanda, dashibodi inawaka, na wewe uko kwa leni ya katikati na makanga wanakutukania mathe. Vezel ya petroli tupu haina hii shida, iko na CVT ya kawaida na ni poa ya kwenda tao. Ya 2021 kuja juu, ile wanaita e:HEV, ni mnyama mwingine kabisa, motor ndio inabeba kazi mob. Ukipenda Vezel, penda hizo mbili.

Sasa CVT. Hii ni giaboksi bila gia. Ni mkanda wa chuma, ama cheni kwa Subaru, umezunguka puli mbili zenye zinapanuka na kufinyika. Ikitunzwa inakupeleka laini mpaka unasahau iko. Ikinyimwa oili safi, inaanza kutetemeka ukitoka kwa taa, halafu inalia kama nyuki, halafu unaitishwa doo ya kununua shamba Kamulu. Kuna uwongo fulani ya kitambo ati oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani? Fundi mwenye anajua atakushow uimwage kila kilomita 40,000 ama 50,000, na uweke ile ile ya kitabu. Nissan inataka NS-3, Toyota iko na yake, Subaru iko na yake. Shida ya mtaa ni jamaa wa oili mwenye akikosa ya kitabu anachukua ATF ya kawaida, anakuangalia machoni, anasema zote ni sawa. Buda, zii. Beba chupa yako mwenyewe na ukae hapo ukimcheki akimwaga.

X-Trail ya T32 ndio imeumizwa zaidi na hii stori. Ni ndai ya roho safi: buti ni kubwa, na Japan waliipea viti vyenye haviingizi maji, kitu ya maana sana kama mbogi yako hurudi kutoka mlimani na matope mpaka kwa magoti. Lakini CVT yake ina jina mbaya sokoni, na ndio maana bei yake huwa chini ya wenzake. Ukipata moja yenye historia ya sevisi imeandikwa, yenye giaboksi haitetemeki ikiwa baridi, hiyo ni nyama ya bei ya maharagwe. Ukikosa historia, wacha. Usiongezwe chumvi na broka.

RAV4 ya lita mbili ya 2019 iko na ujanja fulani mimi naheshimu. CVT yake imewekewa gia moja ya chuma ya kuanzia mwendo. Ukitoka zero inatumia hiyo gia, ikishashika kasi inahamia kwa mkanda. Ile kazi ngumu ya kung'oa gari kutoka kwa kusimama, mara soo ngapi sijui kati ya Kikuyu na Westi, mkanda haiguswi. Engineer mwenye alifikiria hiyo kitu lazima alikuwa anaishi mahali kuna jam.

Halafu kuna Mazda, wenye walikataa CVT kabisa kwa CX-5. Wakaweka otomatiki ya gia sita, ya kizamani, yenye fundi yeyote mzee wa Industrial Area anaielewa akiwa amefunga macho. Haina mbwembwe. Inabadilisha gia, unaisikia, basi.

Kama unataka kupima hizi maneno zote kwa siku moja, usiende Naivasha. Barabara ya Naivasha inasamehe. Shuka Magadi. Unatoka Kiserian, unapita Corner Baridi na upepo inakukata, unamanga mbuzi Olepolos, halafu ndai inaanza kuteremka bonde. Kila kilomita joto inaongezeka. Ukifika ziwa uko karibu mita 600 juu ya bahari na jua haina huruma. Kwenda ni raha. Kazi ni kurudi: mpo wanne, hema, jiko, kreti ya soda, AC imewaka juu hakuna mtu atakubali izimwe, na unapanda zaidi ya mita elfu moja na lami yenye imeliwa pande zote mbili. Hapo ndio CVT yenye oili ya kitambo inajitambulisha.

Na hapo ndio injini ndogo inajitambulisha pia. Watu wa Kanairo husahau tunaishi karibu mita 1,700 juu. Injini bila tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 ukipanda, juu hewa ni nyepesi. Kwa hivyo ile Subaru XV ya 1.6, yenye Japan ilikuwa na farasi 115, hapa kwetu inabaki na kama 95. Wewe na laptop yako kwenda job, sawa, utateleza vizuri. Wewe na mbogi na mizigo kurudi Corner Baridi, utapitwa na Probox. (Probox, kwa njia, inafika kila mahali krosova inafika, na inafika mapema, na imebeba miraa. Lakini hakuna mtu ananiulizanga Probox ndio aposti.) XV unayotaka ni ya lita mbili. Iko mita kwa mita na Forester kwa tabia, inasimama milimita 200 kutoka chini, na inaingia parking za tao bila kuomba msamaha.

Dizeli ya CX-5 ndio swali naulizwa zaidi, juu ina nguvu ya trela na inakunywa polepole. Ni ukweli. Hiyo 2.2 ni tamu mpaka inakufanya usahau adabu. Lakini kumbuka Kangemi. Hiyo injini ina kichujio cha masizi kwa ekzosti, na kichujio hujisafisha kwa kujichoma, na kujichoma kunataka mwendo wa haiwei, injini ikiwa na joto, dakika kadhaa mfululizo. Kwa jam haimalizi. Inaanza, unafika job, unazima. Kesho inaanza tena, unazima. Dizeli yenye haijachomwa inateremka kwa oili ya injini, oili inapanda juu ya alama ya dipstiki, masizi yanajaa kwa njia ya hewa, na siku moja ndai inakataa kuvuta. Kama wewe ni msee wa Nakuru na Eldoret kila wiki, chukua dizeli ukitabasamu. Kama maisha yako ni Rongai kwenda Upper Hill, hiyo ndai utaiua polepole na utafikiri ni uchawi.

Haibridi ni kinyume. Jam ndio chakula yake. RAV4 haibridi kwa Waiyaki Way injini inalala, betri inasukuma, na kila tarehe 14 EPRA ikisoma bei wewe unasikiza kama habari ya nchi ingine. Bei ya kununua ndio inakung'ata, na kuna kitu moja ndogo wasee wa vumbi lazima wakae rada: betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapoeshwa na hewa ya ndani ya gari. Kuna ka-filta hapo. Ukitoka Magadi na vumbi ya chumvi imejaa kila pahali na usisafishe hiyo filta, betri inachemka pole pole. Ni kazi ya dakika chache na brashi. Ifanye.

Sasa ndio nibonge AWD, juu najua unaingoja. AWD inasaidia kwa changarawe yenye inateleza, kwa mlima wa mawe, kwa mchanga mdogo. Haisaidii kwa ule udongo mweusi wa Kitengela, Isinya na chini ya Athi River mvua ikinyesha. Huo udongo unajaza meno ya tairi ya barabara mpaka inakuwa laini kama chapo, na magurudumu yote manne yanazunguka kwa umoja bila kwenda mahali. Forester ina milimita 220 chini yake na ile swichi ya X-MODE, na bado nimeona ikivutwa na trakta ya mkulima hapo Isinya, dere amejikunja kwa aibu. Tairi ndio inakuokoa, tairi na kujua kusema leo hatuendi.

Kwa hivyo ukichagua, angalia rim kabla ya kuangalia sanruf. CX-5 za bei ya juu zinakuja na 19, tairi nyembamba, luku safi ya kuposti na huzuni kwa mashimo. Zile za kawaida zina 17, saizi ya 225/65, na hiyo saizi utapata tairi za kokoto kwa duka mob. Forester ya X-Break ilitoka kiwandani na 17 tayari, na viti vyenye vinafukuza maji pia. Hiyo ndio grade ya msee wa porini. RAV4 Adventure inavaa 19, kwa hivyo weka hesabu ya rim mpya kando. Na kama ni Subaru, tairi zote nne zikuwe ndugu: kampuni moja, kuisha sawa. Ukichanganya, unatesa mfumo wa AWD kila kona, bila kujua.

Kitu ingine yenye watu hushtukia wakiwa Oltepesi, network imekata: hizi ndai za Japan nyingi hazina spea. Ukiinua zulia la buti unapata ka-pampu na chupa ya gundi. Gundi haizibi mkato wa ubavuni. Tafuta spea ya saizi yako Kirinyaga Road wiki ile ile umenunua ndai, hata kama itakula nafasi ya buti.

Ukiingia yadi, itisha karatasi ya oksheni. Ukiambiwa ilipotea, jua kuna kitu imepotea nayo. Namba ya chasi inaeza tumika kutafuta hiyo karatasi kutoka Japan kwa ada kidogo, na hapo utaona grade, kilomita za siku iliuzwa, na kama kuna ile herufi R, yenye ni alama ya gari lililogongwa likatengenezwa. R si kifo, ikiwa ilikuwa mlango tu. Lakini bei yake lazima ishuke. Kwa CX-5, soma mwanzo wa chasi: KFEP ni lita mbili, KF5P ni 2.5, KF2P ni dizeli. Yadi ikikushow "ni 2.5 hiyo" na chasi inasema KFEP, umeshajua unabonga na nani. Pandisha gari kwa shimo la fundi uangalie chini. Ndai zenye zimeishi kaskazini ya Japan, Hokkaido na hizo pande, hupita kwa chumvi ya barafu kila mwaka, na kutu hujificha kwa vyuma vya chini wakati bodi inang'aa juu. Halafu iwashe ikiwa baridi. Yadi ikikungoja na injini tayari imewaka, rudi kesho bila kupiga simu.

Za ndogo ndogo: redio haitashika stesheni zetu nyingi mpaka uwekewe kifaa cha kupanua, ndai itakuongelesha Kijapani asubuhi na utazoea, na kama ina kamera za EyeSight kwa kioo cha mbele, kioo kikipasuliwa na jiwe la lori huwezi weka chochote cha jua kali. Kinataka kupimwa upya na mashine, uliza insurance kama inalipia hiyo kabla ya kusaini. CX-5 yenye injini inajizima kwa taa inataka betri ya aina yake pia, ya kawaida itakufia haraka.

Haya, nichague. Kama wiki yako ni jam na wikendi yako ni Hell's Gate, Nanyuki na Magadi mara moja moja, chukua CX-5 ya petroli, lita mbili, rim ya 17, hata ikiwa inavutwa na mbele peke yake, na ile doo ya AWD uinunulie tairi za maana. Kama kila wikendi uko porini kweli kweli na mbogi imejaa, Forester X-Break ya 2.5, na ukubali kwa jam itakupea kilomita nane ama tisa kwa lita. Ukiwa na mfuko mrefu, RAV4 haibridi na usisikize mtu. Na yoyote utachukua, lipa fundi wako mwenyewe aicheki kabla ulipe yadi. Broka akikataa fundi aguse ndai, toka hapo uende ingine. Ngong Road iko na yadi mob.